Balassi Bálint, mshairi aliyeamuru mashairi yake yaungue

Kwa zaidi ya miaka 200 Wahungaria walimjua Balassi Bálint kama mtu wa sala. Nyimbo zake za kumwomba Mungu, zikiwa pamoja na za mwanafunzi wake Rimay János, zilichapwa makumi ya mara kuanzia miaka ya 1630, na zikasomwa na Wakatoliki na Waprotestanti, watu ambao karne hiyo walikuwa na machache sana ya kukubaliana. Kwamba aliwahi pia kutunga mashairi ya mapenzi lilikuwa jambo la kusikika tu. Wasomaji hawakuwa nayo. Kisha mwaka 1874, katika maktaba ya ukoo wa Radvánszky huko Radvány, mahali ambapo leo ni sehemu ya mji wa Banská Bystrica nchini Slovakia, ikaonekana hati ya karne ya 17 iliyonakiliwa kwa mkono. Ndani yake mlikuwa na mapenzi kurasa kwa kurasa, kwa wanawake waliotajwa kwa majina, na katikati yake nyimbo za wapiganaji na sala. Mwanahistoria wa fasihi Szilády Áron aliyachapisha mashairi hayo mwaka 1879. Mshairi aliyekufa miaka 285 kabla yake alifika kwa wasomaji wake siku hiyo.

Tangu hapo ni kawaida kumgawa Balassi mafungu matatu: mashairi ya vita, ya mapenzi, ya Mungu. Mgawanyo huo humsaidia mwanafunzi kukariri, lakini ndio uliofanya mtu huyu asieleweke. Anaonekana kama watu watatu waliokutana ndani ya jina moja: mlevi wa mapenzi, shujaa wa mpakani, na mtubu anayelia usiku. Mafungu hayo hakuyafanya yeye. Yeye alikuwa akiandaa kitabu kimoja chenye mpango na hesabu, na ukiufuata mpango huo, mengi yanayoonekana kugongana yanakaa mahali pake.

Kwanza nchi yenyewe, maana bila nchi hiyo hakuna shairi lake litakaloshikika. Mwaka 1526 jeshi la Hungaria lilivunjwa na Sultani Suleiman katika uwanda wa Mohács, na mfalme kijana Lajos wa Pili akafa akikimbia. Mwaka 1541 Waosmani wakaingia Buda, mji mkuu, bila kulazimika kuubomoa. Ufalme ukapasuka vipande vitatu: katikati chini ya Sultani, magharibi na kaskazini chini ya wafalme wa ukoo wa Habsburg waliokaa Vienna na Prague, mashariki Transylvania, yenye watawala wake Wahungaria waliomlipa Sultani kodi. Kati ya vipande hivyo ukatanda ukanda mrefu wa ngome. Kulikuwa na miaka iliyoitwa ya amani, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1568, lakini kwenye ukanda huo amani ilimaanisha tu kwamba majeshi makubwa yalikuwa makwao. Vikosi vidogo viliendelea kuviziana, kuteka watu kwa ajili ya fidia, kuchoma vijiji na kuiba ng'ombe, pande zote mbili.

Balassi alizaliwa humo, Oktoba 20, 1554, katika ngome ya Zólyom, ambayo leo ni Zvolen ya Slovakia. Baba yake, Balassi János, alikuwa kapteni wa ngome hiyo na mmoja wa makabaila wakubwa wa kaskazini. Mwalimu wake wa nyumbani alikuwa Bornemisza Péter, mhubiri wa Kilutheri na mwandishi hodari, mtu aliyemjua shetani kwa undani kiasi cha kuandika kitabu kizima juu ya vishawishi vyake. Kijana alipelekwa pia Nuremberg, Ujerumani, kusoma. Lugha aliziokota kila mahali. Zinahesabiwa tisa, zikiwemo Kilatini, Kiitalia, Kijerumani, Kipolandi na Kituruki.

Lugha hizo zina uzito wake katika habari hii, kwa sababu swali la kwanza kuhusu Balassi ni kwa nini hakuandika kwa Kilatini. Karne moja kabla yake, Janus Pannonius, askofu wa Pécs aliyefariki mwaka 1472, alikuwa amepata sifa hadi Italia, na kila neno la sifa hiyo lilikuwa la Kilatini. Kihungaria kilikuwa lugha ya zaburi, mahubiri na habari za vita. Mwaka uleule aliozaliwa Balassi, Tinódi Sebestyén, aliyezunguka na kinanda chake cha nyuzi akiimba jinsi ngome fulani ilivyoanguka na nyingine ilivyosimama, alichapisha kitabu cha nyimbo zake huko Kolozsvár. Ni kazi ya mtu mwaminifu, lakini sikioni ni nzito, vina vinavyojirudia kama hesabu ya magunia. Mapenzi yalikuwa na nyimbo zake pia, zilizoitwa nyimbo za maua, zilizoimbwa majumbani na kukemewa makanisani. Sylvester János, aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kihungaria mwaka 1541, alithubutu kuzitaja kama ushahidi wa akili na ubunifu wa watu wake. Kwa hiyo malighafi ilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu mwenye elimu ya Kilatini na sikio la nyimbo za majumbani kwa wakati mmoja, asiyeona aibu kuvikutanisha.

Kitabu chake cha kwanza hakikuwa cha mashairi. Mwaka 1569 baba yake alikamatwa kwa shutuma za kumfanyia njama mfalme Maximilian, akatoroka, na familia ikakimbilia Polandi. Huko, akiwa hajatimiza miaka 18, Bálint alitafsiri kutoka Kijerumani kitabu cha kufariji wenye majonzi, bustani ndogo ya mimea ya dawa kwa roho zilizo wagonjwa, na kikachapwa Kraków mwaka 1572. Alikifanya kwa ajili ya wazazi wake. Baadaye mwaka huohuo baba alikuwa amesamehewa, na kwenye sherehe za kumvika Rudolf taji la Hungaria huko Pozsony, leo Bratislava, kijana huyu alicheza mbele ya wakubwa ngoma ya wachungaji wa kondoo, kwa ustadi uliomfanya mwanahistoria Istvánffy Miklós kuliandika tukio hilo. Sala kwa ajili ya mama na baba, na ngoma mbele ya mfalme, ndani ya mwaka mmoja, na hakuna dalili kwamba mwenyewe aliona mgongano.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 1575 alipelekwa Transylvania katika jeshi la Bekes Gáspár lililokwenda kumwondoa mtawala Báthory István. Jeshi lilishindwa, Balassi akatekwa. Sultani alimtaka, Báthory akakataa kumtoa, akamweka kama mgeni wa heshima, na alipochaguliwa kuwa mfalme wa Polandi, Balassi akamfuata. Baba alifariki mwaka 1577. Aliporudi nyumbani alikuta mali imeingia mikononi mwa baba yake mdogo, Balassi András, na kuanzia hapo maisha yake yakawa mashauri: kwa ndugu, kwa majirani, kwa miji. Mwaka 1579 akaingia Eger, ngome iliyosimama mwaka 1552 dhidi ya jeshi kubwa la Waosmani chini ya Dobó István, akiwa afisa wa wapanda farasi 50. Alikaa hadi 1582.

Krismasi ya mwaka 1584 inahitaji kusimuliwa polepole kidogo, kwa sababu ndiyo iliyomwangusha. Siku hiyo alimwoa Dobó Krisztina, mjane, binti wa shujaa wa Eger. Mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi walikuwa ndugu, wote wa ukoo wa Sulyok. Kwa sheria ya kanisa ndoa ya watoto wa mtu na nduguye ilikuwa haramu. Na harusi ilifungwa katika ngome ya Sárospatak, ambayo Krisztina aliidai kama urithi na ambayo ilikuwa na askari wa mfalme ndani yake. Siku hiyohiyo ya harusi Balassi akajaribu kuishika ngome. Alitolewa. Kwa tendo hilo moja alishtakiwa kwa makosa mawili makubwa kuliko yote aliyoweza kushtakiwa nayo kabaila, kujamiiana na ndugu na kumwasi mfalme. Mwaka 1586 aliingia Ukatoliki. Wapo waliosema ilikuwa mbinu ya kuokoa kesi. Kwa jinsi alivyokufa, naona ni haki kumwamini. Ndoa haikudumu hata hivyo, ikabatilishwa.

Hapa ndipo anapoingia Anna.

Losonczi Anna alikuwa binti wa Losonczi István, kapteni aliyeuawa ngome ya Temesvár ilipoanguka mwaka 1552, na mke wa Ungnad Kristóf, aliyekuwa Ban, yaani gavana wa mfalme, wa Kroatia. Balassi alimpenda tangu mwishoni mwa miaka ya 1570, akiwa mke wa mtu. Mashairi ya kwanza kwake yamebeba jina lake waziwazi: herufi ya kwanza ya kila ubeti, ukizisoma kutoka juu kwenda chini, zinaandika jina. Alifanya vivyo hivyo kwa wanawake wengine, Bebek Judit, Morgai Kata, na Krisztina mwenyewe. Mwaka 1587 Ungnad akafa. Balassi, ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika na mali yake imekwisha, akaona mlango umefunguka, akaandika upya. Safari hii hakumwita Anna. Alimwita Julia.

Juu ya jina hilo watu wamebishana sana. Upande mmoja husoma mashairi ya Julia kama barua halisi kwa mjane tajiri anayeposwa. Upande wa pili huonyesha vitabu. Balassi alikuwa na mkusanyiko uliochapwa Paris mwaka 1582 wa washairi watatu wa Kilatini cha zama zile, Marullus, Angerianus na Secundus, na baadhi ya mashairi yake ya Julia yanafuata ya kwao picha kwa picha. Hata jina: Secundus, Mholanzi aliyekufa kijana, alikuwa na Julia wake tayari, kama Marullus alivyokuwa na Neaera wake, na Ovidius, mshairi wa Roma ya kale, alivyokuwa na Corinna wake. Basi, wanasema, huyu Julia ni karatasi.

Sioni sababu ya kuchagua upande. Mshairi wa karne ya 16 hakuona aibu kuanza na picha ya mwenzake. Aibu ilikuwa kuiacha kama alivyoikuta. Anna alikuwa mwanamke wa kweli, mwenye ardhi na ngome, na alikuwa na haki ya kukataa, naye alikataa. Akaolewa na Forgách Zsigmond. Julia ni kile ambacho Balassi alikifanya kutokana na kukataliwa huko. Alipompa jina la kitabuni aliyaondoa mashairi katika ukurasa wa uposaji na kuyaweka katika ushairi, mahali ambapo hata jibu la "hapana" lina faida.

Tulitazame moja kwa karibu, lile alilolipa kichwa cha maneno yanayosema jinsi alivyomsalimu Julia alipomkuta. Lina beti sita. Kila mshororo una mizani nane na mishororo yote minne ya ubeti ina kina kimoja. Msomaji aliyelelewa na tenzi hahitaji kufundishwa mwendo wake. Juu yake Balassi ameandika wimbo wa kuimbia: ni wimbo wa Kituruki, na maneno yake ya mwanzo ameyanakili kwa Kituruki, yakisema kwamba dunia haina haja bila wewe. Yaani wimbo wa adui. Ubeti wa kwanza nimejaribu kuulaza katika mizani yake hivi:

Dunia siitamani
pasipo wewe, mwandani,
ulo hapa ubavuni,
afya kwako, wa moyoni.

Beti zinazofuata ni majina tu, moja juu ya jingine: furaha ya moyo wangu wenye huzuni, kasri langu la thamani, waridi langu jekundu lenye harufu njema, nuru ya macho yangu mawili, na mwisho mtawala wangu. Hakuna tukio, hakuna hoja. Halafu ubeti wa sita unageuka ghafla kuwa habari: nilipomkuta Julia wangu, kwa furaha nilimsalimu hivyo, nikampigia goti na kuinamisha kichwa, naye akatabasamu tu. Neno "tu" ndilo linalolibeba shairi zima. Mwanamume amemwaga kila alichonacho, na amepata tabasamu. Balassi hasemi kama ni tabasamu la huruma, la dhihaka au la ahadi. Katika Marullus na wenzake sijaona mahali ambapo mwanamke anaachiwa neno la mwisho kwa ukimya namna hii.

Kwamba aliimbia wimbo wa Kituruki si bahati mbaya. Kwenye hati yake mna pia beti za Kituruki alizozitafsiri kwa Kihungaria, na si kazi ya mtu aliyeokota maneno mawili ya sokoni. Watu wa mpakani waliuana na kujuana. Mateka wa fidia walikaa miezi katika ngome za upande wa pili, wakala, wakaimba, wakajifunza lugha. Anayemchora Balassi kama mpiganaji wa msalaba aliyechukia kila cha Waosmani itabidi aifute nusu ya karatasi zake.

Ndivyo tunavyofika kwenye shairi mashuhuri kuliko yote, wimbo wa askari wa mwaka 1589, ambao aliupa pia kichwa cha Kilatini cha kuusifu mpaka. Unaanza kwa swali: enyi mashujaa, ni kipi juu ya ardhi hii pana kilicho kizuri kuliko mipaka? Una beti tisa, na umejengwa katika bahari ambayo leo inaitwa kwa jina lake, ubeti wa Balassi. Kwa istilahi zetu inaelezeka kwa urahisi kuliko kwa za Wazungu wengi. Ubeti una mishororo mitatu, na kila mshororo una vipande vitatu: ukwapi wa mizani sita, utao wa mizani sita, mwandamo wa mizani saba. Ukwapi na utao vina kina kimoja, kinachobadilika kila mshororo. Mwandamo una kina chake kinachoshuka bila kubadilika hadi mwisho wa ubeti. Mizani 57 kwa jumla. Sikio husikia mapigo mawili ya haraka yanayofanana, kisha la tatu lililo refu kwa silabi moja, linaloenda kutafuta wenzake chini.

Tatu ndani ya tatu, na beti tisa ambazo ni tatu mara tatu. Ubeti wa kwanza, wa tano na wa tisa ndio nguzo. Wa kwanza unauliza. Wa tano, uliosimama katikati kabisa, unatoa kauli: kwa ajili ya jina jema na heshima wanaacha kila kitu nyuma, nao ndio wanaowapa wote mfano wa utu na sura ya ushujaa. Wa tisa unabariki, ukiwaombea vijana wa mpakani Mungu awajalie mafanikio mashambani kama mti unavyojaliwa matunda. Kati ya nguzo hizo kuna maisha yao. Uwanda mpana na msitu ndio kasri lao la kutembelea. Mavizio ya njiani na mahali pa mapigano makali ndiyo shule yao. Njaa, kiu, joto na uchovu ndiyo burudani yao. Hapo msomaji anaanza kuona kwamba sifa hizi si za bure, maana kila jambo zuri limepewa kitu kinachouma. Na ubeti wa nane haumwachii nafasi ya kujidanganya: wengi wanalala wamekufa katika majeraha yao, na matumbo ya wanyama na ndege wengi huwa jeneza la miili iliyokufa kishujaa. Dua ya ubeti wa tisa inakuja mara baada ya matumbo hayo. Aliyeupanga wimbo hivyo alijua mpaka ni nini.

Mwaka huohuo wa 1589, meli za Murad wa Tatu, Sultani wa Waosmani wa wakati huo, zilikuwa Mombasa chini ya Mir Ali Bey, ambaye Wareno walimshinda na kumkamata. Dola ambayo Balassi aliuimba mpaka wake ilikuwa na mipaka mingi, na mmoja ulikuwa pwani yetu.

Budapest ina sanamu yake katika uwanja wa Kodály körönd. Wenzake watatu waliosimama katika uwanja huo ni wapiganaji: Szondi wa Drégely, Zrínyi wa Szigetvár, na jenerali Bottyán. Ni heshima kubwa, na pia ni namna ya kumchukua kipande. Ile tuzo ya fasihi inayobeba jina lake, inayotolewa Februari 14 kwa kuwa Bálint ndiye Valentino, zawadi yake ni upanga.

Vipi kuhusu sala? Zile zilizomweka hai miaka 200 hazifanani na nyimbo za kanisani za zama zake, ambazo hutumia "sisi". Za Balassi husema "mimi", na si mimi mnyonge sana. Anahojiana na Mungu kama mtu anayejua sheria. Katika sala yake inayojulikana kuliko zote, inayoanza kwa kuomba utulivu, "nipe sasa utulivu, amani ya roho, Bwana wa mbinguni", vipande vya mizani sita na sita vinafuatwa na kimoja kifupi cha mizani minne, kama pumzi inayokatika. Anaomba akili yake inayotangatanga ilindwe, na moyo unaotobolewa na maumivu. Kisha analeta hoja: ukombozi wangu haukukugharimu kazi ndogo, uliulipia kwa kifo cha Mwanao. Maana yake iko wazi. Mungu aliyekwisha kulipa bei hiyo hawezi kuiacha mali yake ipotee. Mtu aliyezeeka katika mahakama ameichukua lugha ya deni na malipo hadi mbinguni, na inashangaza jinsi inavyogusa.

Sasa kitabu. Katika hati ya Radvány mashairi yana namba. Aliyeyanakili anaeleza kwamba yametoka neno kwa neno katika kitabu alichokiandika Balassi kwa mkono wake mwenyewe. Sehemu ya kwanza inaishia namba 33, nayo ni sala, toba ya dhambi za ujana iliyoandikwa mtunzi alipokuwa anataka kuoa. Tena 33 nyingine zinafuata, ambamo Julia ndiye mkuu. Wimbo wa askari ni namba 61. Namba 66 ni kuaga: mwaka 1589, akielekea Polandi, anaiaga Hungaria njema inayoshika ngao ya Ukristo, anawaaga mashujaa wa Eger, farasi, vijana waliomtumikia, mabinti. Watafiti wengi wanaona hapa mpango wa tatu mara 33, idadi ya miaka ya Kristo duniani, pamoja na tenzi za Utatu Mtakatifu, na wanabishana kama jumla ilikusudiwa kuwa mia kamili au zaidi kidogo. Hoja yenyewe ya mpango sioni ikipingika: mtu hafiki 33 kwa toba na 66 kwa kwaheri kwa kubahatisha.

Na wa mwisho kuagwa katika namba 66 ni mashairi yenyewe. Anayaita yaliyolaaniwa, yasiyomletea chochote ila huzuni, na kuyaamuru yaungue motoni moja baada ya jingine kwa kuwa hayana faida. Amri hiyo imechukuliwa mara nyingi kama mlio wa mtu aliyekata tamaa. Lakini imeandikwa kwa vina kamili, ikapewa namba, ikanakiliwa kwa mkono wake katika kitabu anachokitunza. Anayetaka kuchoma hahesabu. Ninaamini maumivu yake yote, na ninaamini pia kwamba alijua moto huo ulikuwa mwisho mzuri wa sehemu ya pili.

Sehemu ya tatu haikukamilika. Polandi alimwimbia Célia, ambaye watafiti wanamtambua kama Szárkándi Anna, mke wa Wesselényi Ferenc. Mashairi hayo ni mafupi, mepesi, yenye mwanga ambao ya Julia hayana, likiwemo lile la Célia akioga. Mwaka 1591 alirudi. Vita kubwa vilipozuka akaingia, na Mei 19, 1594, katika kushambulia Esztergom iliyokuwa mikononi mwa Waosmani tangu 1543, risasi ya mzinga ilimpita mapaja yote mawili. Aliishi siku 11. Kando yake alikuwa Mjesuiti Dobokay Sándor, ambaye baadaye alikamilisha tafsiri ya kitabu cha Mjesuiti Mwingereza Edmund Campion aliyoianza Balassi, na ndiye aliyeandika jinsi alivyokufa. Zaburi ya 51 aliyoigeuza kuwa shairi, yenye kumwita Mungu wa rehema zisizo mwisho, inahesabiwa kuwa kazi yake ya kitandani pale. Alifariki Mei 30, akiwa na miaka 39. Alizikwa Hybe, kaskazini, leo Slovakia. Esztergom ilitekwa mwaka uliofuata.

Ndugu yake Ferenc naye alikufa vitani mwaka huohuo. Rimay aliwaandikia wote wawili kitabu cha maombolezo kilichochapwa Vizsoly mwaka 1596, na kwa miaka mingi alitaka kuzichapa kazi zote za mwalimu wake, ambaye alimweka mbele ya watunzi wengine wa Kihungaria kama tai mbele ya ndege wadogo. Hakuweza. Wachapaji walichukua kile ambacho kingeuzwa bila kukemewa na kanisa, yaani sala, na mapenzi yakabaki kupitishwa mkono kwa mkono. Hivyo ndivyo kitabu kimoja kilivyopasuka. Hata mchezo wake wa kuigiza wa mapenzi, alioutoa katika kazi ya Mwitalia Cristoforo Castelletti akaupa Kihungaria chake, ulijulikana kwa kipande tu hadi maandishi yake kamili yalipoonekana Vienna mwaka 1958.

Wanaomchapisha leo bado wanabishana wayapange vipi. Wengine hufuata tarehe, wengine mada, wengine namba za hati. Kwangu namba zina haki kuliko vingine, na wimbo wa askari ndio unaonipa sababu. Ukiusoma peke yake, ni wimbo wa taifa kuhusu watu wasioogopa kufa. Ukiusoma kama namba 61, unaukuta baada ya Julia kukataa na hatua tano kabla ya kwaheri, umeandikwa na mtu ambaye hakuwa tena na cheo Eger, anayeusifu mpaka kwa sababu ndio mahali pekee palipobaki ambapo hakuna aliyemshtaki.